Transista ya Sikio la Lusiana

Mwalimu mkuu hakusema kwa ubaya, na heri angesema kwa ubaya, maana Agapiti angepata mahali pa kushika. Alimkaribisha kiti, akamuulizia ufuta umefikia wapi shambani, akaisifia redio aliyotengenezewa mwaka jana, kwamba mpaka leo inaimba. Ndipo akasema kwamba Lusiana hawezi kuendelea na wenzake wa darasa la nne.

"Si kwamba hana akili, fundi. Akili anazo, tena nyingi. Lakini tangu ile homa ya uti wa mgongo, mtoto hasikii. Nikifundisha ananitazama mdomo. Nikigeukia ubao tu, nimempoteza. Iko shule ya watoto viziwi, ya bweni. Ni mbali, sikufichi, lakini kule watamfundisha lugha ya alama na atasoma kama wengine."

"Mwanangu si kiziwi, mwalimu," Agapiti alisema. "Sikio limepungua nguvu tu."

"Hospitali walikwambiaje?"

"Hospitali walisema mengi."

Hospitali hawakusema mengi. Walisema jambo moja, kwamba mshipa wa kusikia umekufa masikio yote mawili, na Agapiti alilisikia vizuri sana, akalikataa palepale kwenye benchi. Mtu ambaye maisha yake yote ameletewa redio zilizokufa na kuzirudisha kwa wenyewe zikiongea hawezi kuambiwa kitu kimekufa akakubali hivihivi.

"Nipe mpaka likizo ya mwezi wa sita," alimwambia mwalimu. "Nitamtengenezea chombo. Ikifika bado hasikii, nitampeleka huko mnakotaka."

Mwalimu alikubali. Angekataaje? Alimsindikiza mpaka mlangoni, akasimama kumtazama anavyokokota baiskeli katikati ya watoto waliokuwa wanapiga kelele uwanjani. Lusiana hakuwa akicheza. Alikuwa amekaa kwenye ngazi ya darasa, macho yanahama kutoka mdomo mmoja hadi mwingine.

Nyumbani, mkewe Teodosia alikuwa anapepeta ufuta uani. Alisikiliza habari yote bila kuacha ungo.

"Kwani hiyo shule ina ubaya gani?" aliuliza.

"Ya bweni, mama Lusi. Mtoto wa miaka kumi. Akiumwa usiku nani atajua? Watu watasema tumemtupa."

"Watu ndio wanaomfundisha kusoma?"

"Nimesema nitatengeneza chombo."

Teodosia aliendelea kupepeta. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na machache hayo alikuwa ameshayamaliza. Zaidi ya hayo, naye alikuwa na lake moyoni. Mwezi wa sita, siku ya Sikukuu ya Ekaristi, Lusiana alikuwa apokee Komunyo ya Kwanza, na kabla ya hapo kila mtoto lazima ajibu maswali ya mafundisho kwa mdomo wake, mbele ya wazazi. Gauni jeupe lilishashonwa. Chombo kikipatikana, nani mama wa kukikataa?

*

Meza ya Agapiti ilikuwa pembeni ya soko la Nachingwea, kati ya mshona viatu na muuza mitumba. Kazi nyingine zote aliziweka chini ya meza. Wateja wakija kuuliza redio zao, aliwajibu, "Kesho," na kesho akawajibu hivyohivyo, mpaka muuza mitumba akaanza kuwajibu kwa niaba yake.

Chombo chenyewe hakikuwa cha ajabu. Alichukua kipaza sauti cha simu iliyokufa, betri ya simu nyingine, na spika ya sikioni. Vyote akavipanga ndani ya kikasha cha sabuni cha rangi ya waridi, ambacho Lusiana alikichagua mwenyewe dukani. Kilichobaki ni moyo wa chombo, yaani transista.

Kwa asiyejua, transista ni kidude cha miguu mitatu, na kazi yake ni kupokea umeme mdogo na kuutumia kuuamuru mkubwa. Mnong'ono ukiingia kwa mguu mmoja, kwa mguu mwingine inatoka sauti ya mtu mzima. Lakini huwezi kuokota yoyote ukaitia. Zipo kubwa za mgongo wa chuma, za kuendeshea maspika ya harusini. Hizo kwenye chombo cha sikioni zingemaliza betri kabla mtoto hajafika shuleni. Zipo za NPN na za PNP, umeme wake unapita kinyume, na ukiweka moja mahali pa mwenzake kitu hakiamki. Na hata zile ndogo nyeusi, zenye uso bapa na mgongo wa mviringo, ambazo asiye fundi angeapa ni pacha, hazifanani tabia. Moja inakuza sauti sana lakini ina kelele zake yenyewe, nyingine ni tulivu. Miguu yake nayo haikupangwa sawa, na fundi mwenye akili huipima kwanza kwa mita, kile kipimo cha umeme. Agapiti alikuwa akiwafundisha hayo vijana wote waliopita mezani kwake.

Alianza na transista iitwayo C945 aliyoitoa kwenye redio ya zamani. Alijaribu kwa sikio lake mwenyewe. Alimsikia mshona viatu akipiga nyundo, akamsikia na muuza mitumba akimsengenya. Ila nyuma ya sauti zote kulikuwa na mvumo, shhhh, kama mvua kwenye bati. Jioni alimvalisha Lusiana.

"Unasikia?" alimuuliza, akipanua mdomo.

"Sisikii kitu, baba," Lusiana alijibu. Tangu augue alikuwa anaongea kwa sauti kubwa, kama mtu aliye ng'ambo ya mto.

Uso wa Agapiti ulisawijika. Alibadilisha transista. Akabadilisha tena. Kila jioni alirudi na kikasha, akamvalisha mtoto, akauliza, na kila jioni aliambiwa, "Sisikii, baba." Lusiana, ambaye masikio yalimtoka akabakiwa na macho tu, aliuona uso ule ukisawijika kila mara. Alimwona baba yake akila bila kumaliza, na mama yake hata hagusi chakula. Aliwaona wazazi wake wanageuziana migongo, midomo yao ikicheza kwa hasira, na jina lake alilijua hata likiwa mdomoni mwa mtu, kwa jinsi ulimi unavyoanza.

"Tatizo ni mvumo," Agapiti alimwambia mkewe. "Mvumo unameza sauti. Nikipata transista tulivu, atasikia."

Kesho yake alipanda gari la Ruangwa.

*

Abdulatifu alikuwa fundi mwenzake wa siku nyingi, mwenye kibanda karibu na stendi ya Ruangwa. Walikuwa na mazoea ya kutaniana hata kwenye misiba. Lakini siku hiyo Agapiti alipomaliza kueleza shida yake, Abdulatifu hakutania. Alichukua ubao wa kinasa sauti cha zamani, akaanza kuutafuta kwa kidole.

"Unayoitaka ni hii hapa. BC549. Hii ilikuwa inapokea sauti ndogo ya kichwa cha kanda, kwa hiyo ni tulivu. Utulivu wa usiku wa manane." Aliichomoa kwa moto, akaifuta kwa shati. Kisha akabaki nayo kiganjani. "Lakini nikuulize, ndugu yangu. Usikasirike."

"Uliza."

"Redio ikija hapa iko kimya, mimi nagusa spika kwanza. Spika ikiwa imekufa, hata nibadili transista za dunia nzima haitaimba. Wewe spika umeipima?"

Agapiti alielewa. 

"Mwanangu si redio, Abdulatifu."

"Najua si redio. Kama angekuwa redio nisingeogopa kukwambia."

"Utanipa hiyo transista au hunipi?"

Abdulatifu alimpa, akakataa hela. "Miguu yake inatofautiana na hiyo uliyonayo," alisema kwa upole. "Ukishafika, pima kabla hujachomea."

"Leo mimi wa kufundishwa miguu?"

"Basi, fundi. Yameisha. Msalimie shemeji."

Njia nzima Agapiti alibishana na Abdulatifu moyoni.  Alipofika nyumbani hakunywa hata maji. Lusiana alimkimbilia na kikasha mkononi, akakaa mbele yake kwenye mkeka kumtazama. Agapiti alitoa ile transista ya zamani, akaichomea mpya palepale, uso bapa ukitazama kulekule ulikotazama ule wa kwanza. Mita ilikuwa kwenye mfuko, mkono ungeifikia. Hakuifikia. Alikuwa na hasira na Abdulatifu, alikuwa na haraka, na mtoto alikuwa ameshainamisha kichwa kuvalishwa.

"Lusiana!" aliita. "Lusiana, unamsikia baba?"

Mtoto alimtazama. Alimtazama mdomo, kisha macho, tena kwa muda mrefu. Halafu akasema:

"Nasikia, baba."

Agapiti alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini, akainuka, akambeba mtoto akazunguka naye uani akiwatawanya kuku. Teodosia alitoka jikoni mikono ina unga, akauliza kuna nini, na alipoambiwa akajifunika uso kwa mikono ileile. Usiku huo walikula pamoja sahani moja, kitu walichokuwa wamekiacha tangu mtoto atoke hospitali.

Mafundi wa soko la Nachingwea wana mwiko wao: mwenye chombo akishasema kimeimba, fundi hakifungui tena. Ukikifungua umekiita kilio. Kwa hiyo Agapiti alikifunga kile kikasha cha sabuni kwa gundi pande zote, akakitoboa tundu la utepe, akamvika mwanawe shingoni. Kukiweka kwenye sikio lake mwenyewe hakukumbuka.

*

Siku zile zilikuwa nzuri, na mimi sioni sababu ya kuzinyima uzuri wake. Agapiti alirudisha redio za watu, zote. Alimwambia mwalimu mkuu, alimwambia mshona viatu, aliwaambia hata watu wa mnada wa ufuta ambao hawakumuuliza. Lusiana alienda shuleni na utepe shingoni. Watoto wenzake wakitaka kujaribu, alikifunika kikasha kwa mikono miwili akawafukuza. Watu walisema anakipenda chombo cha baba yake.

Teodosia ndiye aliyedondosha sufuria. Ilimponyoka mikononi jikoni, ikagonga jiwe la jiko kwa kishindo, na Lusiana aliyekuwa amempa mgongo akipembua mchele hakushtuka hata bega.

"Baba Lusi," alisema jioni. "Huyu mtoto, una hakika?"

"Wewe naye! Ameshazoea kelele za jikoni kwako." Agapiti alikuwa anacheka. "Muulize mwenyewe."

Teodosia alimgeuza mtoto, akamuuliza. Lusiana alimtazama mdomo, akasema anasikia. Na mama akakubali. Alikubali kwa sababu alitaka kukubali, akaenda kulipiga pasi gauni jeupe.

*

Katekista Nicholaus alikuwa na utaratibu ambao hakuubadili miaka yote. Aliwapanga watoto kwa mstari, kila mmoja na swali lake, wakalirudia mwezi baada ya mwezi mpaka likaingia. Swali la Lusiana lilikuwa la sakramenti za Kanisa ni ngapi. Alikuwa amelisoma kitabuni, anajua jibu ni saba, na anajua kwamba Magreti aliye kulia kwake akishakaa chini, zamu ni yake.

Jumamosi ya mtihani, padre alikuja mwenyewe. Wazazi walijaa kwenye mabenchi ya nyuma. Agapiti alikuwa amevaa shati la Krismasi. Padre alimshukuru katekista, akachukua kitabu, akasema hataki watoto wanaokariri, kwa hiyo atawauliza kwa kuchanganya. Aliyasema hayo akifunua kurasa, uso wake ukiwa chini.

Magreti alijibu, akakaa. Lusiana alisimama. Padre aliuliza, macho yake yakiwa kitabuni:

"Haya, binti. Siku ya Komunyo unakuja kumpokea nani?"

"Ni saba, padre!" Lusiana alijibu kwa ile sauti yake kubwa.

Kanisa zima lilicheka. Watoto walicheka kwanza, kisha na watu wazima, ambao nadhani hawakukusudia. Lusiana aliona meno kila upande. Alidhani amejibu vizuri, naye akacheka.

Padre alifunga kitabu. "Huyu mtoto hasikii," alimwambia katekista, polepole.

"Anasikia, padre!" Agapiti alikuwa amesimama. "Ana chombo, nimekitengeneza mwenyewe. Amechanganyikiwa tu, maswali yamerukwa. Mwulize tena!"

"Kaa chini, baba Lusi," Teodosia alimnong'oneza, akimvuta shati.

Padre alimsogelea Lusiana, akaomba kwa ishara aione spika ya sikioni. Lusiana akaikamata kwa mikono miwili. Alirudi nyuma mpaka akagonga benchi, akatikisa kichwa, na sasa hakuwa akicheka tena. Padre alichuchumaa, akambembeleza, akaichukua. Aliiweka sikioni mwake. Akagonga kikasha kwa kucha. Akalitamka jina lake mwenyewe mbele ya kikasha. 

"Mbona hakina sauti, Agapiti?"

"Itakuwa betri, padre. Betri imeisha."

"Sawa," padre alisema. "Itakuwa betri."

Hakuna aliyecheka. Agapiti angependa wacheke. Mabenchi yote yalikuwa yamegeuka kumtazama kwa huruma, na alipita katikati ya huruma hiyo akimshika mwanawe mkono, mpaka nje kwenye jua.

*

Betri ilikuwa imejaa. Aliipima mara ya kwanza, akaipima tena, kisha akachukua bisibisi akakipasua kikasha cha sabuni mahali pa gundi. Teodosia alisimama mlangoni. Lusiana alikuwa kwenye mkeka, magoti kidevuni.

Alipoona miguu ya transista hakuhitaji mita. Mguu wa kuingilia sauti ulikuwa umechomewa mahali pa kutolea, na mwingine mahali pa mwingine. Kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mahali pale sauti haikupita. Haikuwahi kupita.

"Tangu lini?" Teodosia aliuliza.

"Tangu siku ya kwanza."

"Lakini alisema..."

"Alisema."

Wote wawili walimgeukia mtoto. Agapiti alipiga magoti mbele yake, akapanua mdomo ili asomeke. Hakuwa na hasira. Alikuwa anaogopa jibu.

"Kwa nini ulisema unasikia?"

Lusiana alikwepa macho yake, kisha akayarudia, maana kwake kukwepa macho ni kukata mazungumzo.

"Ulicheka, baba," alisema. "Ulikuwa huchekagi. Na mama akala."

Teodosia alitoka nje. Agapiti alibaki pale, magoti sakafuni, na aliyemhurumia zaidi wakati huo hakuwa mtoto bali yeye mwenyewe, na alijichukia kwa hilo. Kisha akafanya jambo analolijua. Alichukua mita. Alipima miguu mmoja mmoja, akageuza transista, akaikunja inavyotakiwa, akaichomea bila haraka. Aliweka spika sikioni mwake. Sauti iliingia safi, bila mvumo, kama alivyoahidi Abdulatifu. Alimsikia kuku akiparua mchanga nyuma ya nyumba. Alimsikia mkewe uani akilia kwa kujizuia. Katika miaka yake yote ya ufundi hakuwahi kutengeneza kitu kizuri namna ile.

"Kimekubali!" alisema kwa nguvu. "Mama Lusi, njoo! Kosa lilikuwa langu, si la sikio. Ilikuwa miguu tu!"

Teodosia alirudi, akasimama ukutani, kanga mdomoni. Agapiti alimvalisha mtoto. Akafungua sauti yote mpaka mwisho. Halafu, kwa sababu alikuwa fundi na sasa alikuwa anapima kama fundi, alimgeuza Lusiana atazame ukuta. Akasimama nyuma yake, akaleta mdomo karibu na kikasha.

"Lusiana!"

Ukuta ulijibu. Kuku walikimbia.

"Lusiana! Mwanangu! Lusiana!"

Mtoto aligeuka.

Kwa nukta moja Agapiti aliamini. Aliuona uso wa mwanawe ukigeuka polepole begani, na moyo wake ukapaa. Kisha aliyaona macho yake. Yalikuwa yanautafuta uso wa baba, yanaukagua mdomo na mashavu, yapate kujua ni jibu gani linalotakiwa. Na midomo midogo ikaanza kutabasamu.

"Nasikia, baba," Lusiana alisema.

Teodosia aliinama. Agapiti alipiga magoti tena. Alimtoa mwanawe spika sikioni, akaushika uso wake kwa mikono miwili iliyonuka risasi ya kuchomelea, akasubiri mpaka macho ya mtoto yatulie kwenye mdomo wake.

"Husikii," alimwambia polepole, ili asome kila herufi. "Husikii, mama. Najua."

Hakuna mtu katika nyumba ile aliyewahi kumwambia hilo. Lusiana aliusoma mdomo ule mara moja, akausoma na mara ya pili Agapiti alipoyarudia maneno. Tabasamu likamtoka. Alifungua kinywa akalia, kilio kikubwa cha mtu asiyejua anapiga kelele kiasi gani, mpaka majirani wakatoka milangoni kuuliza nyumbani kwa fundi amefariki nani. Baba yake hakumnyamazisha.